Mabano ya Armstrong

Mabano yale yaondolewe. Kila aliyetazama filamu ya Julai 1969 anajua kilichosikika Neil Armstrong alipokanyaga Mwezi: “That's one small step for man, one giant leap for mankind.” Vitabuni, hata hivyo, wahariri huchapisha “for (a) man”, na hapo ndipo wanapoharibu.

Kanuni inajulikana. Nomino ya Kiingereza ya kuhesabika, ikiwa katika umoja, haikai bila kitangulizi; “I bought car” ni kosa la darasa la tano. Lakini man ni mkaidi. Ukiivua artikali haigomi, inageuka tu maana: mtu mmoja anakuwa binadamu wote. Ndiyo maana sentensi iliyosikika inajipinga, hatua ileile ni ndogo kwa binadamu na kubwa kwa binadamu. Ulinganisho wote ulibebwa na hiyo a. Sasa anayeifungia ndani ya mabano ameamua nini? Mabano hayatamkiki, na hakuna nusu umoja. Anayenukuu sauti aiache a nje na aeleze kosa. Anayenukuu nia aiandike kamili na aseme ni nia. Mabano yanakwepa kazi zote mbili. Ni uzembe uleule wa walimu wanaofundisha a na an kwa kutazama herufi badala ya kusikiliza sauti, hadi an university inapita mtihanini.

Watetezi husema Armstrong mwenyewe aliyaridhia, alipoulizwa na James Hansen, mwandishi wa wasifu wake uliotoka mwaka 2005. Sawa, lakini mfungaji haulizwi kama mpira ulivuka mstari. Mwaka 2006 Peter Shann Ford wa Australia alidai ameiona a katika mawimbi ya sauti, ya milisekunde 35 hivi; wanaisimu kadhaa hawakushawishika. Uzito zaidi unao utafiti wa 2013 kuhusu lafudhi ya Ohio, alikozaliwa Armstrong: huko for a humezwa mpaka hukaribia kusikika for tupu. Hoja nzuri, ila inautetea ulimi, haimtetei mchapaji.

Kwingineko sentensi ni safi: one imeshika nafasi ya artikali mara mbili, tena a yenyewe ni mtoto wa neno la kale la Kiingereza lenye maana ya moja.

Bingwa wa artikali anabaki John Kennedy. Berlin Magharibi, Juni 1963: “Ich bin ein Berliner.” Wajuaji walikuja kudai eti amejiita donati. Upuuzi. Hakuwa akitaja alikozaliwa, alikuwa akijihesabu pamoja na wakazi wa mji ule, na Kijerumani hapo kinataka ein. Tena hakubahatisha: alikuwa ameyaandika maneno hayo kwenye karatasi kwa mkono wake, kwa kufuata matamshi, ein ikiwa mahali pake.