Diski Mbili Zilizoipatia Data Wenyewe

Tarehe 18 Oktoba 2007, mtumishi wa ngazi ya chini katika ofisi ya Mapato na Forodha ya Uingereza (HMRC) kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo alituma diski mbili kwa Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, London, kwa posta ya ndani ya ofisi, bila kuzisajili. Zilibeba taarifa za watu milioni 25 wa familia zilizolipwa posho ya watoto: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, na akaunti za benki. Zilifungwa kwa nywila tu, data yenyewe haikusimbwa. Hazikufika.

Wa kwanza kunyooshewa kidole alikuwa mtumishi huyo. Lakini ukizifuata barua pepe za ofisi, kosa lilikwishafanyika miezi kadhaa nyuma. Ofisi hiyo ya Ukaguzi ilihitaji data kwa ajili ya kuchagua sampuli tu, na mapema mwaka huo iliomba anwani na taarifa za benki ziondolewe. HMRC ikajibu kwamba kuzichuja kungeleta gharama ya ziada ya kumlipa mkandarasi wa data. Basi ikatolewa kanzidata nzima. Uamuzi mzito namna hiyo ulipita mikononi mwa watu waliokuwa wakitimiza ombi la wakaguzi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekabidhiwa mamlaka ya kusema hapana.

Mwenyekiti wa HMRC, Paul Gray, alijiuzulu. Ripoti ya Kieran Poynter, aliyechunguza tukio hilo, iliyotoka Juni 2008, ilieleza kuwa usalama wa taarifa haukuwa kipaumbele cha uongozi, na muundo wa idara ulitatanisha mno kiasi cha kutojulikana nani awajibike.

Mwezi huohuo serikali ilitoa taratibu mpya kwa wizara zote. Ndiyo, ziliagiza vifaa vya kubebeka visimbwe na watumishi wafunzwe kila mwaka. Kwangu, uzito wake uko kwenye vyeo. Katika bodi ya kila wizara aliwekwa mkubwa mmoja wa kubeba hatari zote za taarifa. Chini yake wakateuliwa wenye taarifa: kila kanzidata muhimu ikapata ofisa mwandamizi anayejua kuna nini ndani, kinatoka kwenda wapi, nani anakiona na kwa sababu gani. Kila mwaka ofisa huyo alitakiwa kumwandikia yule wa kwenye bodi tathmini ya hali ilivyo.

Tazama alikochaguliwa mwenye taarifa: kwenye idara inayoitumia data, mbali na chumba cha seva. Hapo ndipo ofisi zetu nyingi za Tanzania hukosea. Data ya mishahara ikivuja, anaitwa mtu wa TEHAMA. Yeye ni mtunzaji. Anaweka nakala rudufu, anafungua na kufunga akaunti za watumiaji. Hawezi kuamua kama benki fulani inastahili kupewa orodha ya wafanyakazi. Huo ni uamuzi wa mkuu wa rasilimali watu, na saini iwe yake.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inataka taasisi iwe na afisa wa ulinzi wa taarifa hizo. Uteuzi huo ni mzuri, ila nimeona hatari yake: wakuu wa idara hupumua, wakiamini mzigo umehama. Afisa huyo anashauri na kufuatilia. Akianza kuidhinisha maombi mwenyewe, hakuna atakayebaki wa kumkagua.

Kwa hiyo waraka wa uteuzi usiishie kwenye cheo. Utaje kanzidata kwa jina, mtu kwa jina, aina ya maombi anayoweza kuyakataa bila kuuliza juu, fungu la kulipia uchujaji wa data pale mkandarasi anapodai, na anayekaimu mwenye dhamana akiwa likizo.