Saa ya Jack Bauer Haina Matangazo

Usiku wa tarehe 28 Novemba 2005, Wamarekani waliokuwa wakifuatilia Prison Break waliachwa gizani chini ya zahanati ya jela. Michael Scofield na wenzake walikuwa wametambaa hadi kwenye bomba la kuwatoa nje, wakakuta limebadilishwa. Lile kuukuu walilopanga kulivunja halipo. Lipo jipya, chuma kitupu. Kakake Scofield naye amebakisha saa chache akalishwe kwenye kiti cha umeme. Kipindi kikaishia hapo hapo, na kilichofuata hakikuonyeshwa hadi tarehe 20 Machi 2006. Karibu miezi minne mtu anatembea na bomba kichwani.

Mimi nilikaa nalo sekunde kumi hivi. Nilikuwa Umoja, kwa keja ya binamu yangu, na msimu wote ulikuwa kwenye diski mbili tulizonunua finje finje kwa msee wa muvi pale stejini. Skrini ikawa nyeusi, majina yakaanza kupita, binamu akabonyeza rimoti, tukaendelea. Wala hatukujua kwamba hapo palikuwa mahali pa kungoja. Nililisoma hilo miaka mingi baadaye, nikajihisi kama mtu aliyepita Longonot usiku akiwa amelala kwa basi.

Tukizungumza kuhusu enzi ya diski huwa tunazungumza kwa mapenzi, na ni haki. Zile kava za karatasi zenye Kiingereza cha ajabu, picha ya muvi moja na hadithi ya nyingine nyuma yake. Kuipangusa diski kwa fulana. Kipindi cha 19 kukwama na msee wa muvi kuapa kwamba shida ni mashine yako. Lakini sijasoma mtu akiuliza diski iliifanyia nini taharuki yenyewe. Nataka kuuliza kupitia 24, kwa sababu hakuna tamthilia iliyojengwa kuzunguka tangazo la sabuni kama ile, na hakuna tuliyoimeza bila kutafuna kama ile.

Wadogo zangu ambao hamkuiona: 24 ilianza Novemba 2001. Msimu mmoja ni siku moja. Vipindi ni 24, kila kimoja saa moja ya siku hiyo, na dakika ya hadithi ndiyo dakika yako kitini. Jack Bauer, anayechezwa na Kiefer Sutherland, ni afisa wa kikosi cha kupambana na ugaidi jijini Los Angeles. Ana hadi mwisho wa siku kuzuia mauaji ya mgombea urais, au bomu la nyuklia, au virusi, kutegemea msimu.

Sasa, ukitoa matangazo, saa moja ya televisheni ya Marekani inabaki na kama dakika 43. Waandishi walilijua hilo wakalifanya sehemu ya hadithi. Kabla ya tangazo, skrini inagawanyika vipande, tarakimu za saa zinadunda, tuseme 9:14. Tangazo likiisha, zinarudi zikisoma 9:18. Kuna mambo yametokea huko kati ambayo hatukuonyeshwa: gari limevuka mji, mtu amebadilisha shati. (Kila mtu huuliza Jack Bauer huenda choo saa ngapi. Ndiyo hapo.)

Kwa diski hakuna tangazo. Saa inaruka kutoka 9:14 hadi 9:18 kabla hujapepesa jicho, na siku ya saa 24 unaimaliza kwa saa 17. Mimi na binamu tuliumaliza msimu wa nne kati ya Ijumaa jioni na Jumapili, tukisimama tu stima ilipopotea. Tulijisifu. Sikujua kwamba zile dakika nne zilizokuwa zikirukwa zilikuwa na kazi. Wakati wa tangazo mtu anainuka, anainjika chai, anamgeukia aliye kando yake na kumuuliza: lakini buda, yule jamaa alifaa kufanyiwa vile?

Taharuki huishi kwa swali moja tu: atawahi? Ili swali hilo likushike vizuri, lile la pili, ati inafaa, lazima liambiwe lingoje nje. Filamu yoyote ya taharuki hufanya hivyo kwa kiasi fulani, na si dhambi. Tangazo lilikuwa likimfungulia mlango huyo aliye nje, hata kama ni kwa dakika nne. Diski ikafunga, ikatupa ufunguo.

Chukua msimu wa nne, wa mwaka 2005. Magaidi wana silaha ya nyuklia. Kikosi kimemkamata mtu aitwaye Joe Prado, anayejua alipo mkuu wao, Marwan. Kabla hajaguswa, anafika wakili wa shirika la haki za binadamu usiku wa manane, karatasi ya mahakama mkononi: huyu mtu hajashtakiwa kwa lolote, hamwezi kumtesa. Rais anasitasita. Jack anajiuzulu papo hapo ili awe raia tu asiye na mwajiri wa kuaibisha, anamwacha Prado atoke, kisha anamfuata hadi kwenye gari na kumvunja vidole. Prado anasema. Tena anasema ukweli mtupu, na anausema haraka.

Tulipiga makofi. Nakumbuka binamu akisimama kabisa. Na nakumbuka kwamba katika chumba kile tulimchukia yule wakili kuliko tulivyomchukia Marwan. Tazama hadithi ilivyolipanga hilo. Haikutuambia wakili ana makosa, kwa sababu hana. Ilimleta wakati saa inakimbia. Kila sentensi ya sheria anayoitamka inakula sekunde zetu. Sheria yenyewe inageuka kuwa foleni ya Jogoo Road na sisi tuna haraka. Kisha rais anaamuru Jack akamatwe kwa alichofanya, na kwa sababu hiyo Marwan anaponyoka. Yaani aliyefuata utaratibu ndiye anayebeba lawama.

Haikuwa mara moja. Msimu wa pili, Jack anamwonyesha Syed Ali kwenye skrini mwanawe akipigwa risasi, ili baba aseme bomu liko wapi. Baba anasema. Baadaye tunajua ule uuaji ulikuwa maigizo, na tunashusha pumzi kana kwamba sasa mambo ni sawa. Shirika moja la wazazi huko Marekani, Parents Television Council, lilihesabu matukio 67 ya mateso katika misimu mitano ya kwanza. Novemba 2006, Jenerali Patrick Finnegan, mkuu wa masomo wa chuo cha kijeshi cha West Point, alikwenda hadi walipokuwa wakiirekodi kuwaomba watayarishaji wapunguze, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wakiyaamini. Jane Mayer aliyaandika hayo katika The New Yorker mwanzoni mwa 2007, na ndani ya makala hiyo kuna jambo lililonishtua kama mtu wa diski: DVD za 24 zilikuwa zikizunguka mkono kwa mkono miongoni mwa wanajeshi wa Marekani kule Iraq, na aliyewahi kuwa mhoji wa jeshi lao alieleza kwamba watu walitazama kisha wakaingia kwenye vyumba vya mahojiano kufanya walichokiona. Hao nao hawakuwa na tangazo.

Lakini enyewe sihitaji kwenda Iraq. Ukitaka pasipoti Nairobi, unapanga foleni Nyayo House. Chini ya foleni hiyo kuna vyumba. Miaka ya 1980, hasa wakati wa msako wa Mwakenya kuanzia 1986, watu walifungiwa humo wakiwa uchi, sakafu ikajazwa maji, wakapigwa, wakanyimwa chakula na usingizi. Kisha walipelekwa mahakamani, mara nyingine jioni watu wengine wakienda nyumbani, wakakiri. Walikiri makosa ambayo hawakuyatenda, na wakafungwa kwayo. Vyumba hivyo vilifunguliwa wananchi wavione Februari 2003, baada ya NARC kuingia.

Kwa hiyo jibu la swali la 24 lilikuwa mjini, mwendo wa matatu moja kutoka kwa keja yetu. Kwa Jack Bauer maumivu hutoa anwani ya bomu, na huitoa kabla ya saa kugonga. Nyayo House yalitoa kile mwulizaji alichokwisha kukiandika. Picha za vyumba vile zilikuwa kwenye magazeti tuliyofungia sukari, na miaka michache tu baadaye tukawa tunampigia makofi mtu anayevunja vidole kwenye gari. Sisemi 24 ilitufanya wabaya. Nasema ilituharakisha tukapita jambo tulilolijua.

Na ni tamthilia nzuri, hilo silifichi. Mtaani kuna sheria ya zamani kuliko diski: steringi hafi. 24 iliijua sheria hiyo ikaizunguka kwa kuwaua walio karibu na steringi. Mwisho wa msimu wa kwanza Jack ameshinda, siku imeisha, anakwenda kumtafuta mkewe na kumkuta Teri ameketi, risasi mwilini, amekufa. Tarakimu zinaonekana safari hii bila ule mlio. Saa inahesabu kimya. Sijaona tamthilia nyingine ikinyamaza vile. Na hapo, kwa bahati tu, diski yetu ilitutendea haki: ilikuwa ya mwisho, msimu wa pili hatukuwa nao, na msee wa muvi alikuwa amefunga. Mashine ikaitema. Tukabaki tumekaa. Binamu alisema "zii" mara mbili, akatoka nje kununua mkate.

Kuna mtu mmoja aliyekuwa akitusimamishia saa bila kujua, naye ni DJ Afro. Watu humchukulia kama mchekeshaji tu wa vibanda vya video. Lakini sikiliza anavyoisimulia muvi juu ya sauti yake yenyewe: anamkemea steringi, anamwonya adui, anaulizia mtu hali ya mama yake katikati ya vita. Taharuki yote inavuja, ndiyo, na badala yake unapata mtu aliye upande wako akitazama pamoja nawe na kubishana na anachokiona. Jack Bauer akipitia mdomo wa DJ Afro asingevunja kidole cha pili kabla hatujacheka kidogo na kumtazama upya.

Prison Break iliipita diski salama zaidi, na nadhani najua kwa nini. Scofield ni mhandisi aliyeiba benki makusudi ili afungwe alipofungwa kakake, ramani ya jela ikiwa imechorwa mwilini mwake. Taharuki yake iko kwenye mpango, na mpango hukulazimisha ufikiri: skrubu hii ni ya nini, huyu ataaminika? Hata ukiila mbio, unaila ukihesabu. Tena sisi tulikuwa upande wa mfungwa. Kijana wa Eastlands anayekimbia akiona Land Rover ya polisi hahitaji kufundishwa kumpenda Scofield. T-Bag tulimcheka ilhali alipaswa kutuogopesha, hilo nalikubali. Misimu ya baadaye sina la kusema juu yake. Walitoroka, hadithi ikaisha, watu wakaendelea kulipwa.

Mwezi jana nilifanya jaribio la kijinga. Nilitafuta msimu wa nne wa 24, na kila saa iliporuka nikasimamisha na kuhesabu dakika hizo hizo kwenye simu. Mara ya kwanza nilichemsha chai. Mara ya pili nilichoka, nikakaribia kudanganya. Nilipofika kwa Prado, nikiwa nimesimamisha na sina la kufanya, nikagundua kwamba karatasi ya yule wakili ilikuwa na sahihi ya hakimu wa kweli, na kwamba hakuna mtu kwenye kikosi aliyebisha kwamba anachosema ndiyo sheria. Na kwamba ana jina, David Weiss. Miaka yote hii ningekutajia Marwan, ningekutajia hata Chloe na kompyuta zake, lakini huyo nilimjua tu kama wakili.

Binamu alipiga simu katikati. Sasa anaishi Kitengela, ana watoto wawili, muvi anazitazama kwa simu akiwa kwenye foleni. Akaniuliza nafanya nini, nikamwambia natazama 24, nimefika pale kwa Prado.

"Haiya! Pale kwa yule wakili mshenzi?"

Nikamwambia ndiyo, pale pale.