Mwandishi anaweza kumkwepa mchapishaji, lakini asimkwepe mhariri

KILA muhula mpya unapoanza hapa Njoro, sikosi kijana mmoja au wawili wanaoniuliza swali lile lile: “Mwalimu, nina mswada wa riwaya. Nitafute mchapishaji au nijichapishie kitabupepe?” Wengi wao huwa wamekwisha kukata tamaa. Walipeleka mswada Nairobi, mwaka ukapita, na hakuna aliyewajibu hata kwa neno moja. Sasa wanasikia kwamba mtu aweza kuuza kitabu kwa simu na kulipwa kwa M-Pesa jioni iyo hiyo. Nani asingeshawishika?

Wanaowajibu vijana hawa wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huwaambia wavumilie, kwa kuwa kitabu kisicho na nembo ya kampuni inayojulikana si kitabu. La pili huwaambia waachane na “wanyonyaji” hao na wajitegemee. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanakosea, na kosa lao linaanzia katika lugha.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Neno ‘chapa’ lilitujia kutoka Kihindi. Tukapata kitenzi ‘kuchapa’, kisha kwa kauli ya kutendesha tukapata ‘kuchapisha’, yaani kusababisha kitu kichapwe. Mwenye mtambo na wino ni mpiga chapa. Mchapishaji ni yule anayeusoma mswada, akaukubali au akaukataa, akauhariri, akaugharimia na kuutafutia wasomaji. Nalo neno ‘kujichapishia’ limebeba mzigo mkubwa zaidi: kuna -ji- ya kujirejelea, -ish- ya kutendesha na -i- ya kutendea. Ajichapishiaye amejitwika kazi zote za mchapishaji, kwa gharama yake na kwa faida yake.

Katika mazungumzo ya kila siku tunawachanganya watu hawa wawili. Mtu akipeleka faili yake kwenye duka la fotokopi pale Njokerio, akarudi na nakala hamsini zenye jalada la rangi, husema “nimechapisha kitabu.” Kusema kweli amechapa tu. Kitabupepe kinauanika mkanganyiko huu waziwazi, maana hakina wino, karatasi wala mtambo. Ukiondoa chapa yote, kinachobaki katika kazi ya mchapishaji ni kusoma, kuchuja, kuhariri na kutafuta wasomaji. Hayo ndiyo tunayopaswa kuyapima.

Tukiwapima wachapishaji wetu kwa kipimo hicho, hawapati alama za juu. Soko lao kubwa ni shule. Kitabu kikiidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD), au riwaya ikiteuliwa kutahiniwa katika shule za upili, mauzo ni ya uhakika. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Tatizo ni kwamba riwaya ya Kiswahili iliyoandikiwa mtu mzima, isiyo na maswali ya marudio mwishoni wala matumaini ya kuingia darasani, haina mlango wa kubisha. Mwandishi naye hujifunza haraka. Huanza kuandika akimwazia mwalimu na mtihani, huku akipunguza makali ya mapenzi na siasa ili asimkwaze mtu. Fasihi yetu inaumia hapo, na hesabu za mauzo hazionyeshi jeraha hilo.

Hali haikuwa hivi siku zote. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitolewa mwaka wa 1971 na East African Literature Bureau, shirika la umma, ingawa yaliyomo yaliwashtua wengi hata ikazuiwa shuleni Tanzania. Nagona na Mzingile, riwaya zake ngumu zilizovunja kaida za usimulizi, zilichapishwa na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kampuni inayotazama soko la shule pekee isingezigusa. Mchapishaji mwenye ujasiri, basi, ana thamani ambayo mwandishi peke yake hawezi kuifidia kwa urahisi.

Je, wanaojitegemea? Kujichapishia hakukuanza na intaneti. David Maillu aliianzisha Comb Books jijini Nairobi mapema katika miaka ya 1970, akajitolea Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka wa 1973, kisha After 4:30 mwaka wa 1974. Vijitabu vyake vya Kiingereza vilinunuliwa kama njugu na watu ambao wachapishaji wakubwa hawakuwahi kuwafikiria kuwa wasomaji: makarani, matarishi, makatibu wa ofisini. Wahakiki walimkemea, Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake mwaka wa 1976, na Comb Books haikudumu. Hata hivyo, Maillu alikuwa amethibitisha kwamba wasomaji wapo. Kule Dar es Salaam, Ben Mtobwa aliendesha Heko Publishers na kuwafikia kwa riwaya za upelelezi na za maisha ya mjini wasomaji ambao hawakuwa wakisomea mtihani wowote.

Mfano wa karibu nasi zaidi ni wa Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru. “Discovering Home”, kazi iliyompa Tuzo ya Caine mwaka wa 2002, haikutoka katika kitabu. Ilitoka katika jarida la intaneti lililoitwa G21Net, na mwanzoni waandalizi wa tuzo hiyo walisita kuipokea kwa hoja kwamba kilicho kwenye intaneti hakijachapishwa. Binyavanga akawajibu kwa ukali, nao wakalegeza kamba. Mashabiki wa vitabupepe hupenda kuutaja ushindi huo. Wanachosahau ni kwamba G21Net lilikuwa jarida lenye mhariri. Karatasi haikuwepo, ila jicho la pili lilikuwepo. Na mwaka uliofuata, Binyavanga na wenzake walianzisha Kwani?, jarida ambalo nalo liliongozwa na wahariri.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, jicho hilo la pili ni la lazima zaidi kuliko anavyodhani. Katika maeneo yetu haya ambapo wengi tumejifunza Kiswahili juu ya lugha nyingine za mama, l na r hubadilishana viti bila kubisha hodi. Mhusika “anashika karamu” aandike barua, na kompyuta haipigi mstari mwekundu kwa kuwa karamu ni neno sahihi. Ni shughuli ya kula na kunywa. Thamani inageuka dhamana, na benki pekee ndiyo inayofurahi. Hayo ni ya tahajia. Ya usimulizi ni mabaya zaidi: mjomba aliyezikwa katika sura ya tatu anahudhuria harusi katika sura ya tisa. Mwandishi aliyeusoma mswada wake mara ishirini hawezi kuyaona, maana husoma kilichomo kichwani mwake.

Soko lenyewe la kidijitali nalo si mteremko. Tuseme kitabu kinauzwa Sh500 na mkataba unampa mwandishi asilimia 10: atapata Sh50 kwa nakala. Akiuza faili mwenyewe kwa Sh200 kwenye WhatsApp, karibu zote ni zake. Hesabu hiyo inavutia, lakini faili ikishaingia katika kundi la watu mia mbili, mnunuzi wa kwanza huenda akawa ndiye wa mwisho. Jukwaa la Kindle la kampuni ya Amazon hutoa mrabaha wa asilimia 35 au 70, kutegemea bei na nchi ya mnunuzi. Ajabu ni kwamba orodha ya lugha linazoziunga mkono kwa miaka mingi imekuwa na Kiafrikana, Kiwelshi, hata Kimanksi kinachozungumzwa na watu wachache mno katika kisiwa kimoja karibu na Uingereza, ilhali Kiswahili chenye mamilioni ya wasemaji kimekosa nafasi. Wachapishaji na vyama vya Kiswahili wangeipigania nafasi hiyo kwa pamoja, wangemsaidia kila mwandishi kwa mkupuo mmoja.

Kwa hivyo huwajibu vijana wangu hivi. Ikiwa kazi yako ni ya shule, mtafute mchapishaji, maana njia ya KICD ni ndefu na ya gharama. Ila usome mkataba kabla ya kutia sahihi: haki za kidijitali zitajwe peke yake, na kiwepo kifungu kinachokurejeshea kazi yako kampuni ikiacha kuiuza. Ikiwa ni riwaya ya watu wazima au diwani ambayo hakuna anayeitaka, jichapishie bila aibu. Chukua nambari ya ISBN kutoka Huduma ya Maktaba za Kitaifa, kisha pesa ambazo ungezitumia kwa jalada la kung’aa umlipe mhariri. Ukikosa pesa, badilishaneni miswada na wenzako wawili wasiokuogopa.

Vyuo vikuu vyetu, Egerton kikiwemo, vinafunza isimu na fasihi ya Kiswahili mwaka baada ya mwaka. Sioni kwa nini mwanafunzi wa uzamili asihariri mswada wa mwandishi aliye hai kama sehemu ya mafunzo yake, badala ya kuongeza uchanganuzi mwingine wa riwaya iliyokwisha kuchambuliwa mara mia. Nao wachapishaji wakumbuke kwamba mitambo haiwalindi tena. Wasipowasomea waandishi miswada yao kwa makini na kwa wakati, hawana kingine cha kuwauzia.