Fuso Iliyochemka Saranda na Hedi Ambayo Haikufunguliwa

Lori lilipofikishwa kwenye gereji moja ya Kizota, Dodoma, kando ya barabara ya Singida, mafundi wawili walikuwa wameshakula hela ya tajiri wake. Wa kwanza alichomoa thamostati akaitupa. Wa pili alibadilisha pampu ya maji, na lori lilipochemka tena akatoa hukumu: gasketi ya hedi imeungua, injini ifunguliwe. Tajiri yuko Dar es Salaam, kazi yake kupokea simu na kutuma pesa. Fundi wa tatu, ambaye nilikaa naye benchi siku mbili, hakushika spana asubuhi nzima. Aliuliza maswali.

"Linachemkia wapi?"

"Saranda, fundi, nikiwa na saruji. Dar mpaka hapa halinisumbui."

"Saa ngapi?"

"Mchana, kwenye saa nane."

"Upepo je?"

Dereva akacheka. Utingo hakucheka, akajibu yeye: "Unatusukuma mgongoni."

Nadhani kazi ya siku mbili ilikuwa nusu imekwisha pale. Anayetoka Dodoma kwenda Singida hushuka kwanza hadi bonde la Bahi, kisha pale Saranda anaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, mwinuko wa kama mita 400. Miezi ya kiangazi upepo wa huku hutoka mashariki, tena kwa nguvu. Lori lenye mzigo linapanda kwa gia ya pili, mwendo wa kilomita 20 kwa saa au pungufu, na upepo unakwenda nalo bega kwa bega. Hewa ya mbele inayoingia kwenye rejeta inakuwa karibu na hakuna. Kazi yote ya kupoza inaiangukia feni. Feni ikiwa na hitilafu, kwenye barabara tambarare huwezi kuijua, kwa sababu mwendo wa gari unaificha.

Halafu kuna suala la kimo. Dodoma ipo mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Hapa maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinacholiokoa lori ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko cha 0.5, kama cha Fuso hii, hubana maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 109. Mpira wake ukikakamaa, umepoteza nyuzi 13 kwa kitu kinachoenea kiganjani. Hicho ndicho alichokishika fundi kwanza, injini ikiwa baridi. Mpira ulikuwa umepasuka, na vali ndogo ya katikati imeganda kwa ukoko mweupe. Hakuna hata mmoja kati ya wale wawili aliyekuwa amekitazama.

Baada ya hapo alikwenda kwenye hedi, si kwa kuifungua bali kwa kuihoji. Alitoa mikanda ili pampu ya maji isizunguke, akajaza maji hadi shingoni mwa rejeta, akamwambia utingo awashe na akanyage mafuta. Gasketi ikiwa imeungua, gesi ya silinda hupenya kwenye maji na mapovu hutoka mfululizo kama soda iliyotikiswa. Tuliinamia shingo ile dakika mbili, naye akazimisha kabla joto halijapanda. Povu halikutoka. Akachomoa kijiti cha oili: nyeusi, haina rangi ya chai ya maziwa. Kesi ya hedi ikaishia hapo, na tajiri akaokoa gharama ya gasketi, ya kuchonga hedi na ya wiki nzima ya lori kulala.

Mikanda ikarudishwa, injini ikapashwa moto. Fuso hii ina 6D16, silinda sita, lita 7.5, haina tabo, na feni yake hushikwa na klachi yenye mafuta mazito ya silikoni. Klachi nzima ikiwa moto, ukizima injini feni husimama nayo. Hii iliendelea kuzunguka kivivu, kama pangaboi la hotelini umeme ukikatika. Pembeni mwa klachi kulikuwa na michirizi ya mafuta yaliyogandiwa na vumbi. Silikoni ilikuwa imevuja siku nyingi.

Hapa nilitofautiana naye. Sifa yake ni kwamba alikataa kuifunga feni kwa boliti izunguke moja kwa moja, mtindo uliozagaa mitaani. Feni ya namna hiyo inakula dizeli na kupiga kelele kutwa. Lakini alinunua klachi ya mtumba. Silikoni haionekani kwa macho. Mtumba unaweza kuwa nao umebakiwa na mwezi mmoja. Mimi ningenunua mpya.

Rejeta ilikuwa na maradhi mawili. Nje, mapezi yalikuwa yamejaa pumba na vumbi. Lori hili msimu wa mahindi hupakia soko la Kibaigwa. Walipolipeleka kuoshwa, waliliosha kwa mbele, kwa presha kubwa, takataka zikasukumwa ndani zaidi na mapezi yakalala. Maji hupigwa kutoka upande wa feni kuja mbele, kwa nguvu ya kawaida. Ndani, fundi alipapasa kwa mkono: juu moto, theluthi ya chini baridi. Mirija ilikuwa imeziba upande wa chini.

Maji mengi ya Dodoma hutoka ardhini, mjini yakitegemea visima vya Mzakwe, na ni maji mazito. Kinachobaki kwenye birika lako nyumbani ndicho kinachobaki kwenye injini. Ukoko wa milimita moja huzuia joto kama ukuta wa chuma wa zaidi ya sentimita mbili. Utingo anayeongeza maji ya kila kisima cha njiani anajenga ukuta huo bila kujua. Rejeta hii ni ya shaba, kwa hiyo fundi lehemu alifungua tanki la juu, akapitisha bapa jembamba kwenye kila mrija, akalirudisha kwa risasi. Ikajazwa maji ya betri yaliyochanganywa na kulanti. Asiye na uwezo huo akinge walau maji ya mvua kwenye pipa safi, Desemba hadi Machi.

Thamostati ilirudishwa, mpya, baada ya kupimwa kwenye sufuria ya maji ya moto. Kuitoa ni dawa ya kienyeji inayopendwa sana, na katika injini nyingi za dizeli za Kijapani inaongeza ugonjwa. Thamostati ikifunguka, kisahani chake cha chini huziba njia ya mkato. Isipokuwepo, njia ile hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

La mwisho lilionwa kwa bahati. Wakati wa kupasha injini moto, moshi ulikuwa mweusi kupita kiasi. Kumbe risasi ya muhuri wa pampu ya dizeli ilikuwa imekatwa na skrubu ya mafuta kuongezwa. Madereva wanaita kufungua pampu. Kwenye kimo hiki injini isiyo na tabo hupata hewa pungufu kwa kama asilimia 10. Mafuta ya ziada hayaungui yote, yanazidisha moshi na joto la egzosi. Dereva akakiri kwamba yeye ndiye aliyeomba. "Lilikuwa zito mlimani, fundi." Pampu ikaenda kupimwa kwenye mashine na kurudishwa kwenye kipimo chake.

Wiki hiyo hiyo lori lilipakia mifuko 200 ya saruji, tani 10, likapita mizani ya Nala na kupanda Saranda mchana ule ule, upepo ule ule mgongoni. Dereva alipiga simu kutoka Manyoni: sindano ilisogea kidogo kupita katikati, ikaishia hapo.

Tajiri uliye mbali, fundi akikupigia kuwa hedi lazima ifunguliwe, mwombe kwanza akutumie video ya mapovu.