Umoja Unaojifanya Wingi: Uhakiki wa Mchezo wa Pokémon GO

Tumezoea, tunapoihakiki kazi ya sanaa, kuuliza maswali mawili: kazi hii inasema nini, na inakisema kwa njia gani? Swali la kwanza hutupeleka kwenye maudhui, na la pili kwenye fani. Mashairi, tamthilia na riwaya zimepitishwa katika chekeche hilo mara nyingi. Katika makala haya tunakusudia kukipitisha humo kitu ambacho baadhi ya walimu wenzetu huenda wakaona hakistahili, yaani mchezo unaochezwa katika simu. Sababu yetu ni nyepesi. Mchezo una wahusika, una mandhari, una kanuni, na una ujumbe. Aidha, una jambo moja ambalo kitabu hakina, nalo ni kwamba msomaji wake hawezi kukaa kando akatazama. Hana budi kutenda. Kwa hiyo mchezo haumfundishi mtu kwa yale unayomwambia tu, bali zaidi kwa yale unayomfanya ayatende.

Mchezo tuliouchagua ni Pokémon GO, uliotolewa na kampuni ya Niantic ya San Francisco, Marekani, mwezi Julai 1916 + 100, yaani 2016. Asiyeufahamu na atosheke na maelezo haya. Mchezaji hutembea katika barabara na bustani za mji wake halisi, simu mkononi. Simu hutambua mahali alipo, na juu ya ramani humwonyesha viumbe wa kubuni waitwao Pokémon, ambao yeye huwakamata, huwalea na kuwapiganisha. Sanamu, majengo na viwanja vya mji hugeuzwa kuwa vituo vya mchezo. Dhamira iliyotangazwa tangu mwanzo ni kuwatoa watu majumbani, kuwatembeza, na kuwakutanisha. Ni dhamira njema, wala hatuna ugomvi nayo. Mwaka 2025 Niantic iliuuza mchezo huu, pamoja na baadhi ya michezo yake mingine, kwa kampuni ya Scopely kwa dola bilioni 3.5, lakini mambo tutakayoyachambua yalijengwa kabla ya mauzo hayo.

Mwongozo ambao Niantic iliwapa wachezaji ulikuwa wazi: kila mchezaji awe na akaunti moja. Kutumia akaunti nyingi kulihesabiwa kuwa udanganyifu, katika orodha moja na kutumia programu za kughushi mahali mtu alipo. Hilo ndilo neno la mchezo. Sasa na tuitazame fani yake, tuone kama inalitii neno hilo.

Tuanze na kumbi za mapambano. Wachezaji wamegawanywa katika timu tatu: Valor yenye rangi nyekundu, Mystic yenye buluu, na Instinct yenye manjano. Tangu mabadiliko ya mwaka 2017, ukumbi mmoja huchukua walinzi sita, wote wa timu moja. Mlinzi humpatia mwenyewe sarafu moja ya mchezo kwa kila dakika 10, na kikomo ni sarafu 50 kwa siku. Yaani saa 8 na dakika 20 zatosha kulipata fungu zima. Lakini lipo sharti: mwenye mlinzi halipwi mpaka mlinzi huyo ashindwe na kurudishwa kwake. Asiposhindwa, atakaa ukumbini hata wiki nzima, na siku atakayorudi hatavuka kikomo cha siku moja. Hivyo mshindi hujikuta akiomba ashindwe. Katika mji mkubwa ombi hilo hujibiwa kila siku na wapinzani. Katika mji mdogo, ambako wapinzani ni wachache na hawana haraka, hujibiwa na akaunti ya pili iliyoandikishwa katika timu nyingine. Mtu hujishambulia mwenyewe, hujifukuza mwenyewe, kisha hulipwa.

Mwezi Juni 2018 likaja jambo jipya: urafiki na kubadilishana viumbe. Wanaobadilishana walitakiwa wawe karibu. Urafiki wao hukua kwa siku, na ngazi yake iliyokuwa ya juu kabisa wakati huo ilihitaji siku 90. Kadiri unavyokua ndivyo gharama ya kubadilishana inavyopungua. Tena kiumbe anayebadilishwa hupimwa upya nguvu zake, na huenda akatoka akiwa kiumbe wa bahati, ambaye kumkuza hugharimu nusu ya gharama ya kawaida. Jambo hili limebuniwa vizuri, kwa kuwa linampa mtu sababu ya kumtafuta mwenzake. Lakini mwenye akaunti mbili amekwisha kumpata rafiki asiyechelewa, asiyekataa, na asiyehama mji. Siku zake 90 hazina wasiwasi wowote.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi. Tangu mwaka 2017 mchezo una uvamizi, ambamo wachezaji kadhaa huungana kumkabili kiumbe mmoja mwenye nguvu. Wakati wa maradhi ya korona, mwezi Aprili 2020, kilianzishwa kibali cha kumwezesha mtu kujiunga na uvamizi akiwa mbali. Wachezaji wa vijijini, wagonjwa na wasioweza kutembea walipata nafuu kubwa. Mwezi Aprili 2023 nafuu hiyo ilipunguzwa: bei ya kibali kimoja ilipanda kutoka sarafu 100 hadi 195, na kikomo cha vibali vitano kwa siku kikawekwa, ingawa kililegezwa katika matukio maalumu. Kampuni ilieleza kwamba vibali hivyo vilikuwa vimeutawala mchezo kuliko ilivyokusudiwa, na kwamba ilitaka watu wakutane tena ana kwa ana.

Baada ya kuubana mlango wa mbali, mchezo ukaongeza mambo yanayodai watu wa karibu. Mwezi Oktoba 2023 kulianzishwa kucheza kwa kundi: watu wawili hadi wanne walio mahali pamoja huunda kundi, nao huongezewa nguvu za kushambulia katika uvamizi. Mwezi Septemba 2024 yalikuja mapambano ya Dynamax, ambamo wachezaji hadi wanne hupigana pamoja. Tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo yakafuata mapambano ya Gigantamax, yaliyobuniwa kwa ajili ya umati: hadi watu 40 waliogawanywa katika vikundi vya wanne wanne, na kampuni ilishauri watu wasipungue 10. Zaidi ya hayo, mapambano hayo yalipoanza hayakuwa na njia ya kujiunga kwa mbali.

Hebu tumfikirie sasa mchezaji wa Tokyo au Taipei. Siku hiyo alitoka nyumbani, akawakuta wenzake wamejaa bustanini. Kwake fani na maudhui vilikwenda sambamba. Kisha tumfikirie mchezaji wa mji mdogo, ambako wapenzi wa mchezo huu hawafiki hata watano. Mchezo ulimwambia, "Njoo na wenzako." Wenzake hawakuwapo. Hapo alikuwa na njia mbili: kuacha, au kuongeza simu. Simu ya zamani iliyolala kabatini ilitolewa, akaunti mpya ikaandikishwa, na mtu mmoja akawa kundi. Aliyetii mwongozo ndiye aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

Walimu wa Kiswahili tunalo jina la hali hii katika sarufi yetu. Tunapowafundisha wanafunzi nafsi, twawaambia kwamba mimi ni nafsi ya kwanza umoja, na sisi ni nafsi ya kwanza wingi. Tena twasisitiza kwamba wingi huo si mimi iliyorudiwa mara kadhaa. Katika sisi yupo mimi na yupo mwingine, na bila huyo mwingine neno halina maana. Mchezaji mwenye simu nne ni umoja unaojifanya wingi. Viambishi vyake vyote vimebadilika, lakini mtendaji ni yuleyule. Mchezo, ambao macho yake huona akaunti tu, husadiki kwamba watu wamekutana. Kumbe yupo mtu mmoja, peke yake, akihama kutoka kioo hadi kioo. Dhamira ya kuwakutanisha watu imetimizwa katika hesabu na kuvunjwa katika maisha.

Wako watakaotupinga kwa kusema kwamba mchezo haumlazimishi mtu kudanganya. Sheria ipo, mchezaji ana hiari, na anayevunja sheria ajilaumu mwenyewe. Hoja hii ina uzito wake. Sisi pia darasani hatukubali mwanafunzi aitikie majina matatu wakati wa kuita mahudhurio, eti kwa kuwa rafiki zake hawakufika. Hata hivyo, mwalimu angeweka kanuni kwamba chakula kitapewa kikundi cha wanne tu, wala si mtu mmoja mmoja, asingeshangaa kuona majina ya uongo yakizidi kwenye daftari. Angemwadhibu aliyeitikia, lakini mkaguzi mwenye busara angemwuliza mwalimu: kanuni hii uliitunga ukimfikiria nani?

Wengine watasema kwamba kuwa na akaunti nyingi ni jambo la kawaida la zama hizi, halina ubaya. Watatukumbusha kwamba hapa Afrika ya Mashariki watu wengi hubeba laini mbili za simu au zaidi, na hakuna aliyewaita waongo. Mfano huo ni mzuri, nasi tunaupokea, kwa kuwa unatusaidia kuliona jambo kwa pande zake mbili. Upande mmoja, unathibitisha hoja yetu: watu walibeba laini mbili kwa sababu kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali. Mpango wa bei ndio uliozizaa laini hizo, wala si tabia mbaya ya watu. Upande wa pili, unaonyesha tofauti. Mwenye laini mbili hamwambii mtu yeyote kwamba yeye ni watu wawili. Mwenye akaunti nne hana budi kusema hivyo kila anapocheza, maana faida yote imo katika uongo huo.

Isitoshe, faida hiyo haigawanyiki kwa haki. Katika nyumba nyingi za kwetu simu moja huhudumia watu kadhaa: baba huipigia, mama huitumia kupokea fedha, na watoto huiomba jioni. Kule tunakokuzungumzia, mtu mmoja huhudumiwa na simu kadhaa. Mwaka 2018 mzee mmoja wa Taiwan alijulikana duniani kwa kuzifunga simu zaidi ya 10 mbele ya baiskeli yake na kuzunguka nazo mjini akicheza. Magazeti yalimshangilia, nasi hatumlaumu kwa furaha yake. Lakini yafaa tuitazame picha hiyo kama wahakiki. Mchezo unaotoa tuzo kwa idadi ya akaunti hutoa tuzo kwa idadi ya simu, na idadi ya simu ni suala la mfuko. Anayeshindwa si mvivu wala mjinga. Ni yule mwenye simu moja na uaminifu.

Tuulinganishe mchezo huu na bao letu, lenye mashimo 32 na kete 64. Mtu aweza kukaa peke yake akacheza pande zote mbili, na wengi wamejifunza hivyo. Lakini akimaliza, hakuna ushindi wa kujivunia, wala hakuna anayemshangilia, maana umbo la bao lenyewe linamdai mwingine. Hakuna sheria iliyoandikwa kwamba usiwe watu wawili, na haihitajiki. Bao halikumwekea mtu faida yoyote katika kujigawa. Hapo ndipo fani iliyokomaa inapojulikana: yale ambayo kazi inayakataza kwa maneno, umbo lake haliyalipi.

Je, Pokémon GO ingeweza kurekebishwa? Tunaamini ingewezekana, tena bila kuiacha dhamira yake. Nguvu za kiumbe zingeweza kupimwa kwa idadi ya watu waliofika, ili watatu wa mji mdogo wawe na shaka na matumaini yaleyale waliyo nayo 30 wa mji mkubwa. Sarafu za ukumbini zingeweza kulipwa kila siku bila kumngoja mlinzi afukuzwe. Mlango wa mbali ungeweza kubaki wazi kwa bei nafuu kwa wale ambao jirani zao hawachezi. Hatua kama hizi zingepunguza akaunti za ziada kuliko vitisho vya kufungiwa, kwa kuwa zingeondoa sababu ya kuzifungua.

Hukumu yetu, basi, ni kwamba Pokémon GO ni kazi yenye maudhui mema na fani inayoyasaliti. Tunawaomba walimu wenzetu wasiishie kuwakataza wanafunzi michezo ya simu, wala wasiishie kuisifu kwa sababu ni mipya. Wawape wanafunzi wa madarasa ya juu zoezi la insha: chagua mchezo unaoujua, andika kanuni zake katika safu moja, na katika safu ya pili uandike yale ambayo mchezo huo unayalipa. Safu hizo zikitofautiana, mwanafunzi aeleze ni ipi inayofuatwa na wachezaji, na kwa nini. Anayeweza kulifanya zoezi hilo kwa mchezo ataweza kulifanya kwa riwaya, na baadaye kwa sheria za shule, za kazi na za nchi.