Neno "Kali" katika Kuonja Bia

Mtu wa Makongolosi akikaribishwa nyumbani bia yenye nguvu na hopsi nyingi, ya namna ile ambayo Waingereza walikuwa wakiipeleka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 18 na ambayo leo hupikwa na viwanda vidogo vidogo katika nchi nyingi, hupiga funda la kwanza, hukunja uso, kisha hutamka neno moja: "Kali." Waliopo huitikia kwa vichwa, na hukumu huwa imekwisha. Walakini neno hilo halijasema jambo lolote la hakika juu ya kilichomo bilaurini. Mwenye kulitamka hastahili lawama kubwa, maana amelirithi.

Asili ya kosa hili ni njema. Pwani, tembo la mnazi likigemwa leo huitwa tembo tamu. Likilala huwa tembo kali. Nyanda za Juu Kusini zina mwenendo uo huo. Ulanzi wa Iringa, ugemwao katika mianzi wakati wa mvua, hutoka mtamu kama togwa. Ukikaa huitwa mkangafu, na mwenye busara huunywa kwa hesabu. Katika vinywaji hivi hamira hula sukari, kileo huzidi, na uchachu huzidi pamoja nacho. Kwa hiyo "kali" lilikuwa neno sahihi kabisa: aliyelisema alijulisha umri wa kinywaji, uchachu wake na nguvu yake kwa pumzi moja.

Bia ya hopsi imeuvunja ushirika huo. Nguvu yake hutoka katika wingi wa kimea cha shayiri. Uchungu wake hutoka katika ua la hopsi, mmea utambaao wa nchi za baridi, likichemshwa muda wa saa moja hivi. Harufu yake, ambayo mara hufanana na ganda la chungwa na mara na utomvu wa msonobari, hutoka katika ua lile lile, lakini likitiwa mwisho wa mchemko au baada yake. Ama uchachu, ukionekana, aghalabu ni dalili ya bia iliyoharibika. Anayeyaita yote hayo "kali" hana tofauti na mhakiki aitaye shairi "gumu" asiseme kama ugumu umo katika msamiati, mizani au maana.

Wala si kwamba lugha ina uhaba. "Chungu" ni neno la shubiri na mwarobaini. "Chachu" ni la ukwaju na la maziwa yaliyolala. "Ukakasi" ni la ndizi mbichi ing'ang'aniayo ulimi, na hopsi zikizidi kiasi huacha ukakasi wa namna hiyo nyuma ya koo. Ujuzi wa kutenganisha nao si mgeni nchini: Wachaga hutia gome la msesewe katika mbege ili ipate uchungu, mbali na ndizi na kimea cha ulezi viipavyo utamu na kileo. Mpishi apimaye gome lake ajua, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba uchungu una mfuko wake na nguvu ina mfuko wake.

Kuonja kwenyewe kwataka subira. Makongolosi kuna joto kuliko Mbeya mjini, na desturi ni kuitaka bia iwe baridi kama barafu. Lakini baridi hiyo hutia ulimi ganzi na kuifunga harufu, na katika bia hii harufu ni nusu ya kazi. Yafaa imiminwe, iachwe kidogo, inuswe kwanza. Tena chupa iliyosafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Mbeya kupitia Chunya, ikipigwa na jua garini, isihukumiwe upesi. Harufu ya hopsi hutangulia kufa, uchungu hubaki peke yake, na kosa la safari hubandikwa mpishi.

Liko jambo zito zaidi. Nusu lita ya bia ya asilimia 4.5 ina mililita 22.5 za kileo. Nusu lita ya bia ya asilimia 7 ina 35. Ulimi huuzoea uchungu mapema, hata bilauri ya pili haikunjishi uso kama ya kwanza, na mnywaji ambaye neno lake ni moja husema, "Mbona si kali tena," akaamini kwamba nguvu nayo imepungua. Hufungua ya tatu kwa imani hiyo. Na alfajiri, katika mji huu uliokulia juu ya dhahabu ya Lupa, wako wanaopaswa kushuka shimoni.