Ritifaa ya ng'ombe na grafu iliyokataa kuchoreka

Mwezi jana nilikwenda Kitengela, katika bewa la chuo kimoja, kumwona mwanafunzi wa uzamili ambaye tasnifu yake naisimamia. Tasnifu yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili na inahusu lugha inayotumiwa kuwapasha wafugaji wa Kajiado habari za ukame. Sura ya nne ina grafu ya mifugo iliyokufa katika ukame wa 2022, kwa mujibu wa familia alizozihoji Bissil na Ng'atataek. Nilipoisoma sura hiyo nilikuta "ngombe" kwenye kichwa cha grafu, "ngombe" kwenye mhimili wa chini, na "ngombe" katika kila aya iliyofuata. Nilikuwa nimeshaishika kalamu nyekundu.

"Profesa, si mimi," akajitetea. "Ni programu ndiyo inakataa."

Tukaenda pamoja kwenye maabara ya kompyuta. Programu inayotumiwa hapo ni gnuplot, ambayo imesakinishwa kwenye seva ya chuo na wanafunzi huifikia kupitia mtandao. Ni chaguo la busara. Gnuplot, iliyoanzishwa na Thomas Williams na Colin Kelley mwaka 1986, haiuzwi. Programu za kulipiwa mara nyingi huiomba seva leseni kila zinapofunguliwa, na siku mtandao unapokatika kati ya bewa na makao makuu, hakuna anayechora kitu. Sina ugomvi na programu, basi. Ugomvi wangu ni na mwongozo wa kurasa tatu uliobandikwa ukutani, unaowaagiza wanafunzi "waepuke alama maalumu" katika majina na vichwa vya grafu.

Chanzo cha agizo hilo ni rahisi kueleza. Mwanafunzi alikuwa ameandika kichwa chake hivi: 'Vifo vya ng'ombe Kajiado'. Katika gnuplot, alama moja ya mkato wa juu hufungua maneno na alama kama hiyo huyafunga. Mashine ilisoma hadi "Vifo vya ng", ikakutana na ritifaa, ikadhani kichwa kimeisha. Halafu ikabaki inashangaa "ombe" ni mnyama gani. Fundi wa maabara, kijana mwema asiye na hila, alimpa suluhisho la haraka: "Hiyo alama toa tu. Mashine haiitaki."

Hapo ndipo mimi na mwongozo tunapoachana. Katika Kiswahili, ritifaa ya ng' si pambo wala alama maalumu. Ni sehemu ya konsonanti, nazali ya kaakaa laini, iliyo tofauti na ng ya ngoma na ngazi. Kung'oa ni kitendo cha kutoa kitu kilichoshika, jino au kisiki. Ngoa ni wivu au tamaa. Anayeiondoa ritifaa amebadilisha herufi, sawa na anayeandika "pata" badala ya "bata" kwa sababu kibodi haina b. Waulize akina Ng'ang'a na Nyong'o wanavyoteseka wakijaza fomu za mtandaoni.

Tena kuna hatari kubwa kuliko ya tahajia. Gnuplot angalau ilikataa kwa sauti. Zipo programu zinazonyamaza. Katika R, ambayo wanatakwimu wengi huitumia kuchora grafu, amri ya kawaida ya kusoma majedwali isipoelekezwa vinginevyo huihesabu ritifaa kuwa alama ya nukuu. Jedwali lililotenganishwa kwa koma likiwa na neno ng'ombe, R inaweza kumeza safu zinazofuata hadi ikutane na ritifaa nyingine, kisha ikaendelea na kazi. Familia kadhaa zilizopoteza mifugo zinatoweka kwenye hesabu, na grafu inatoka safi kabisa.

Kuna na jambo la umbo. Ritifaa iliyoandikwa kwa simu au kwa programu ya matini huweza kuwa ya kupinda. Ile ya kibodi huwa imenyooka. Kwa jicho letu ni kitu kimoja, kwa mashine ni herufi mbili mbalimbali. Tulipolifungua jedwali la asili la mwanafunzi wangu, kabla halijafutwa ritifaa zake, tukakuta ng'ombe wa aina mbili: waliohesabiwa kwa simu huko Bissil na waliohesabiwa kwa kompyuta Kitengela. Wangechorwa hivyo, wangepata nguzo mbili, na msomaji angedhani ni mifugo wawili tofauti.

Mwenzangu mmoja amependekeza tuige Luganda tuandike ŋ, tupumzike. Sikubali. Kiswahili sanifu, ambacho kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilianza kukisimamia mwaka 1930, kina vitabu vya vizazi kadhaa vyenye ng'. Hatuwezi kuvibadilisha vyote kwa kosa ambalo tiba yake ni alama mbili.

Nasema alama mbili kwa maana halisi. Kichwa cha grafu kikifungwa kwa "Vifo vya ng'ombe Kajiado", kwa nukuu pacha, gnuplot hukikubali bila neno. Anayependa nukuu moja aandike ritifaa mara mbili mfululizo. Katika R, mtumiaji aiambie amri ya kusoma kwamba ritifaa si nukuu, na kabla ya hapo azigeuze ritifaa zote ziwe za umbo moja. Haya yote yanaingia katika nusu ukurasa.

Nilimwomba fundi tuuandike upya mwongozo, akakubali bila kusita. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ng' ni konsonanti. Tukauweka kwenye seva, mahali unapofunguka pamoja na programu, na ule wa ukutani tukaubandua. Mwanafunzi ameanza kurudisha ritifaa katika sura ya nne, moja baada ya nyingine, kwa mkono, kwa sababu kompyuta ikiachiwa kazi hiyo itabadilisha "ngoma" pia.